Mwezi mzima wa kusikiliza albamu, mwanzo mpaka mwisho

Mwezi uliopita nilijiwekea utaratibu, kila usiku nikishafunga duka na kula nasikiliza albamu moja nzima, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, sirushi hata kama wimbo siupendi, simu inakaa chumbani kwenye chaji na spika iko sebuleni. Wikendi zilikuwa albamu mbili, wakati mwingine tatu. Sio pleilisti, na sio ule mtindo wa simu kukuchagulia yenyewe, unamaliza huu inakuletea unaofanana nao. Nilitaka nisikie kazi kama wenyewe walivyoipanga. Mwezi umeisha na nina mengi ya kusema kwahiyo mnivumilie, leo itakuwa ndefu.

Sababu yenyewe ni kwamba muziki siku hizi unatufikia vipande vipande. Wimbo unaujua kwa zile sekunde chache za kiitikio zinazozunguka kwenye video fupi, vesi ya pili hakuna anayeijua, na wasanii nao wameshaelewa ndomana kiitikio kinaletwa mwanzo kabisa na wimbo mzima haufiki dakika tatu. Siwalaumu, wanafanya kazi kwenye soko lililopo. Ila mi nauza vifaa vya shule na kutoa kopi, kutwa nasikia redio ya jirani, spika ya bodaboda, tangazo la mtu anayepita na mabeseni, kila kitu nusu nusu, na usiku nilikuwa na hamu kubwa ya kusikiliza kitu kikaanza na kikaisha.

Nikaanza na Bob Marley, Exodus ya 1977. Hapa kwetu nani hajui Three Little Birds na One Love, zinapigwa harusini, zinapigwa baa, watoto wadogo wanaziimba. Zimekuwa nyimbo za raha mpaka basi. Lakini ukiziskia ndani ya albamu yake ni kitu kingine kabisa. Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwake Hope Road pale Kingston wakampiga risasi yeye, mke wake Rita na meneja wake Don Taylor. Siku mbili baadae alipanda jukwaani na majeraha yake akaimba, alafu akaondoka Jamaika, akafikia London, na huko ndo Exodus ikarekodiwa. Sasa sikiliza alivyoipanga. Natural Mystic inaingia kutoka kimya kabisa, sauti inapanda taratibu mpaka inajaa chumba, inafuata So Much Things to Say, Guiltiness, The Heathen, alafu Exodus wenyewe unaopita dakika saba. Upande mzima wa kwanza ni hukumu na safari na watu wanaokataa kuinama, hakuna wimbo wa mapenzi hata mmoja. Geuza santuri ndo unakuta Jamming, Waiting in Vain, Turn Your Lights Down Low, Three Little Birds, na One Love ya mwisho kabisa.

Yani yule anayekwambia usiwe na wasiwasi kila kitu kitakuwa sawa ni mtu aliyepigwa risasi nyumbani kwake miezi michache nyuma, na amekupitisha kwanza kwenye upande wote wa hasira kabla hajakwambia hivyo. Nimezisikia hizo nyimbo maisha yangu yote na sikuwahi kuzisikia zikiwa na uzito ule, na aliyezipa uzito ni zile tano zilizotangulia. Jarida la TIME mwaka 1999 liliita Exodus albamu ya karne na mi naona mpangilio wake ni sehemu kubwa ya sababu.

Hapo ndo nikaanza kuwaza kuhusu santuri. Upande mmoja wa ile sahani kubwa unabeba kama dakika ishirini na kitu tu, kwahiyo aliyekuwa anatengeneza albamu alikuwa na mwanzo miwili na miisho miwili ya kufikiria, upande wa kwanza uishe vipi mtu ainuke kwenye kiti aende kugeuza, na wa pili umpokee vipi. Sasa huku kwetu je, dansi letu lilipangwaje? Jibu ni kwamba mara nyingi halikupangwa kama albamu kabisa, na sababu zake ni za kihistoria.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zilirekodi Redio Tanzania pale Barabara ya Pugu, au zilivuka kwenda Nairobi ambako ndiko kulikuwa na kampuni za santuri na viwanda vyake, na zilizotoka nyingi zilikuwa santuri ndogo, wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili. Ukikuta mtu anazo zile za Simba Wanyika au Super Mazembe utaona imeandikwa kabisa sehemu ya 1, sehemu ya 2. Sasa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Miaka yote hiyo bendi za Dar zilikuwa kwenye kilele, ushindani mkali, kumbi zinajaa, na njia ya santuri imebanwa. Muziki ule uliishi kwenye ukumbi na kwenye redio. Mtu aliyetaka kubaki nao alisubiri kipindi akaurekodi kwenye kanda yake mwenyewe.

Ndomana albamu nyingi za dansi letu ninazoweza kuzipata leo zimekusanywa baadae na watu wa nje. Ule mfululizo wa Zanzibara uliotoka Ufaransa una namba 5 inayohusu sauti ya Dar kati ya 1978 na 1983, yani miaka ileile ya mpaka kufungwa. Na kuna ile ya bendi ya Mlimani Park inayoitwa Sikinde, ilitoka Marekani 1994, ndani ni nyimbo zilizorekodiwa Redio Tanzania. Hii ya Sikinde niliipiga siku ya jumapili mchana kwasababu baba mdogo alikuwa amekuja kututembelea na nilijua hii ni ya kwake.

Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ikaja kuwa mali ya DDC, shirika la maendeleo la jiji, na wakati ule ndo ilikuwa kawaida, vyombo ni vya shirika na wanamuziki wanalipwa mshahara kama waajiriwa wengine. Baba mdogo alikuwa kijana wa Kariakoo, ukumbi wa DDC ulikuwa karibu kwahiyo hakuna wikendi iliyompita. Ulipofika wimbo wa Neema, Cosmas Chidumule anaimba, mzee akaweka kijiko chini wala hakusema kitu mpaka sauti za waitikiaji zilipoingia. Alafu akaniambia, "Sasa tulia, hapa bado. Hapa watu wamekaa."

Nikamuuliza wamekaa kivipi.

"Mwanzo huu unasikiliza maneno. Mtu yuko na bia yake anasikiliza kisa. Hakuna anayecheza cheza hovyo, utaonekana hujaelewa wimbo. Subiri gitaa igeuke, hapo ndo viti vinabaki vyenyewe."

Na kweli kuna mahali gitaa inageuka, mwimbaji anakaa pembeni, solo inaanza kuzunguka kamstari kafupi kale kale, tumba inapanda, tarumbeta zinajibu, na mzee wa miaka ile na goti lake baya akainuka akasogea mpaka katikati ya sebule, mabega tu ndo yanacheza. Mke wangu akaacha vyombo akaja kusimama mlangoni. Wimbo ulipoisha akakaa akavuta pumzi akasema, "Nyie mnausikiliza mwanzo tu mnaondoka." Nimeikumbuka hiyo kauli mwezi mzima, kwasababu ni kweli kabisa, redio zetu leo zikipiga wimbo wa dansi zinaukata pale pale chemko linapoanza, yani ile sehemu ya pili ya kuchezea, tangazo linaingia. Wimbo umejengwa kwa sehemu mbili, ya kwanza inakusimulia na ya pili inakuinua, ukiukata katikati umemsikiliza mtu akikueleza shida yake alafu ukaondoka kabla hajamaliza. Hata zile santuri ndogo za sehemu ya 1 na sehemu ya 2 zilikuwa zinamlazimu mtu ainuke ageuze, na aligeuza.

Na kile kilichonishangaza zaidi kwenye Sikinde ni jinsi rekodi yenyewe ilivyo. Bendi nzima iko studio kwa pamoja inapiga moja kwa moja, hakuna cha huyu aje leo na yule aje kesho. Ukiongeza sauti unawasikia wako kwenye chumba kimoja, unaskia tumba inavyovuja kwenye maiki ya mwimbaji. Mtu akikosea wote wanarudia. Kwahiyo utulivu unaousikia kwenye zile sauti tatu zinazoitikia ni utulivu wa watu waliopiga huo wimbo kumbini wiki baada ya wiki kabla hawajaenda Pugu Road.

Siku iliyofuata nikaweka Remmy Ongala, Songs for the Poor Man ya 1989, na hapa nitakaa kidogo kwasababu kwa mwezi mzima hii ndo iliyonishika kuliko zote.

Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, baadae akawa na Super Matimila. Hapa Dar jina lake limebaki mpaka kwenye kituo cha daladala, ukisema Sinza kwa Remmy konda anakushusha bila swali. Mwaka 1988 walienda Uingereza kwenye tamasha la WOMAD, na mwaka uliofuata albamu hii ikatoka Real World, lebo ya Peter Gabriel. Kwahiyo hii ni tofauti na Sikinde, hii ilifikiriwa kama albamu tangu mwanzo, na imerekodiwa kwenye studio ambayo kila gitaa unaisikia yenyewe, besi unaisikia inavyotembea chini, unaweza kuchagua kumfuata mmoja wimbo mzima alafu ukarudia kesho ukamfuata mwingine.

Wengine wanasema rekodi safi namna hii imepunguza joto la bendi na kwamba Matimila wa kweli ni wa kumbini. Mi sikuwahi kuwaona kumbini kwahiyo hiyo nawaachia waliokuwepo. Ninachojua ni kwamba usafi ule umefanya maneno yasikike, na Remmy ni mtu wa maneno. Anaimba kidogo alafu anaongea, anauliza maswali, anashauri, anamrudia mtu kwa jina. Sauti ya Mnyonge ni yeye kabisa, anasimama upande wa asiye na kitu bila kuzunguka. Nasikitika unamuingia mtu taratibu. Kipenda Roho inakuja na gitaa tamu mno, unatabasamu kabla hajafungua mdomo. Na Muziki Asili Yake Wapi anauliza swali zito kabisa huku watu wanacheza, muziki umetoka wapi, nani mwenyewe. Ukisikiliza wimbo mmoja mmoja kwenye simu unapata Remmy wa mapenzi leo na Remmy wa shida wiki ijayo. Ukikaa na albamu nzima unagundua kwake hayo yako kwenye sentensi moja, yule anayependa ndo huyohuyo asiye na hela, na anayemlilia marehemu ndo huyohuyo anayetaka watu wacheze. Nilimaliza usiku ule nikakaa tu, nikairudia nzima. Kwa mwezi wote hii ndo albamu pekee niliyoisikiliza mara mbili usiku mmoja.

Jina la Kiingereza kwa nyimbo za Kiswahili linaeleza nani walikuwa wateja waliolengwa. Mi nadhani ni jina zuri na la kweli, ila inaniuma kidogo kwamba wengi wa hao maskini aliowaimbia waliipata albamu hii baada ya wazungu, kwa kanda za kudurufu, na wengine hawajawahi kuisikia nzima mpaka leo.

Nikatoka dansi nikaenda taarabu. Zanzibara namba 1 ni ya Ikhwani Safaa, ilitoka 2005 kikundi kilipotimiza miaka mia, maana kilianzishwa 1905. Hii inataka uvumilivu wa aina yake. Unaanza na ala tupu, kanuni na udi na fidla na akodiani, dakika zinaenda na mwimbaji hajaingia, na ukishazoea kuharakisha utadhani hakuna kinachotokea. Mke wangu ni mtu wa Tanga, yeye alikaa tu ametulia, na sauti ilipoingia akaanza kunyanyua kidole kwenye kila kina kinapofunga, beti kwa beti. Taarabu ni shairi kwanza, mizani imehesabiwa, na kwenye onyesho mstari ukimgusa mtu anainuka anaenda kumtunza mwimbaji mbele ya wote, na kila aliyekuwepo anajua ule mstari umempiga nani. Kwenye spika ya sebuleni hilo halipo, hakuna wa kutunza na hakuna wa kununa. Ila umepata kitu kingine, umepata muda wa kusikia fidla zinavyorudia alichosema mwimbaji, kila mstari unasemwa mara mbili, mara moja kwa mdomo na mara moja kwa nyuzi.

Na hapo hapo, sijui kwanini, kesho yake niliweka Sounds of Sisso, ule mkusanyiko wa singeli wa 2017 uliotolewa na lebo ya Kampala, kazi za studio ya Sisso pale Mburahati. Kutoka taarabu ya Ikhwani Safaa mpaka spidi ile ni kama kushuka kwenye jahazi ukapanda bodaboda. Lakini baada ya nyimbo kadhaa sikio likaanza kushika, zile kinanda zinazokimbia ni vipande vya taarabu ya kisasa vilivyokatwa na kuongezwa spidi, maprodyuza wa singeli ndo walivyoanza hivyo, wanachukua kale kasehemu ka ala wanakazungusha. Kama nisingekuwa nimetoka kukaa na taarabu usiku wa jana nisingelisikia hilo hata kidogo. Hiyo ndo raha ya kusikiliza kwa mfululizo, albamu zinaanza kuongea zenyewe kwa zenyewe.

Zawose nao waliongea hivyo. Chibite ya Hukwe Zawose ya 1996, ilimba na zeze na sauti za Kigogo zinazopandana, mzee wa Dodoma aliyefundisha Bagamoyo miaka mingi, alifariki Desemba 2003. Alafu nikaweka Maisha ya The Zawose Queens ya 2024, Pendo na Leah, mtoto wake na mjukuu wake. Miaka yote wanawake wa ile familia walikuwa nyuma wakiitikia, hapa wako mbele wao wenyewe wanaongoza. Ukizisikiliza zikifuatana unasikia namna ileile ya kupandisha sauti ikitoka kwenye koo lingine, na nilifurahi mno, sikutarajia kufurahi hivyo kwa muziki ambao maneno yake siyaelewi.

Za hip hop nilizipa wiki yake. Machozi Jasho na Damu ya Professor Jay ya 2001 kaka yangu alikuwa na kanda yake na sisi wadogo tuliikariri. Kwenye kanda kurusha wimbo ilikuwa kazi, unapeleka mbele unabahatisha, unapitiliza, unarudi, kwahiyo watu waliacha ikaenda na ukajikuta unazijua na zile nyimbo ambazo hazikupigwa redioni. Ndio Mzee kila mtu anaijua, mgombea anaahidi mambo makubwa makubwa na wananchi wanaitikia, na yule aliyeigiza mgombea mwaka 2015 akaja kuwa mbunge wa Mikumi. Lakini ndani ya albamu ile haionekani kama kichekesho peke yake, iko katikati ya maisha ya kijana wa mjini asiye na ajira anayejua kila kitu kinachomzunguka, ndo anayemsikiliza huyo mgombea. Kutoka Nairobi nikaweka Kilio cha Haki ya 2004, Ukoo Flani Mau Mau na wenzao wa Eastlands, na ile ni ya kusikiliza nzima tu, sauti nyingi mno, mmoja anaingia kabla mwingine hajapoa, ukitoa wimbo mmoja pembeni umevunja kile kikundi.

Za karibuni nitapita haraka. A Boy from Tandale ya Diamond ya 2018 ina nyimbo ishirini na nyingi zilishakuwa hiti miaka kadhaa kabla, Nana, Kidogo, Eneka, Marry You. Nyimbo zenyewe kubwa sana, sibishani, lakini kama albamu ni ghala, ukibadilisha mpangilio hakuna kitakachoharibika. Only One King ya Alikiba ya 2021 imetulia zaidi, ina hewa. Midnight Train ya Sauti Sol ya 2020 ndo nilisikia watu waliokaa mezani wakajadili nini kimfuate nini, ukifika Brighter Days na ile kwaya ya Soweto unaelewa kwanini haikuwekwa kwingine. Wasanii wetu wanaweza kabisa, wakiamua.

Nilichotaka kusema hasa ni hiki sasa. Kuna albamu kibao niliziweka kwenye orodha ya mwezi sikuzipata. Kanda za Bongo Fleva za mwanzoni mwa 2000, na za taarabu za miaka ya 90. Nyimbo mbili tatu zinazojulikana zipo mtandaoni, mtu kaziweka na picha isiyohusika, ila albamu kama ilivyotoka, upande A na upande B, na zile nyimbo za katikati ambazo hazikupata video, hakuna. Zipo kwenye makabati ya watu. Zipo kwenye mfuko wa rambo juu ya dari kwa shangazi yako huko Mwanza. Na kanda haisubiri, ile sponji ndogo iliyo ndani inadondoka, utepe unashika ukungu, ikikaa kwenye joto inajikunja.

Kwahiyo kama unazo, tafadhali fanya hivi. Tafuta deki inayofanya kazi, mafundi redio wengi bado wanazo, mwambie akusafishie kichwa cha kusomea kwa spiriti na pamba kabla hujaweka chochote. Kabla ya kucheza, ipeleke mbele mpaka mwisho alafu irudishe, utepe ulegee. Waya wa kawaida wenye plagi ya hedifoni pande zote mbili, kutoka kwenye deki mpaka kwenye kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa. Rekodi upande mzima kwa pamoja, usikate kate nyimbo, kukata utakata baadae kwenye kopi, ule mzima ubaki mzima. Sponji ikiwa imedondoka fundi anaweza kuhamisha utepe kwenye ganda la kanda nyingine, skrubu tano tu. Kama sehemu imekwaruza iache hivyohivyo, na nafasi ya kimya kati ya wimbo na wimbo usiiondoe. Alafu piga picha lile karatasi la kava pande zote, majina ya waimbaji, prodyuza, studio, mpangilio wa nyimbo, kwasababu mara nyingi hilo karatasi ndo sehemu pekee yalikoandikwa. Jina la faili andika albamu, msanii, mwaka kama upo na upande.

Baba mdogo ana boksi zima, nyingi ni za kurekodi redioni miaka ileile ya mpaka, na nyingine zina sauti ya mtangazaji mwanzoni anayetaja bendi na wimbo. Ameshakubali. Naanza nazo jumapili, deki nimeazima kwa fundi hapa mtaani.